Tumaini Lenye Hesabu: Shada la Majilio kutoka Umatengo hadi Mwambao wa Nyasa

Mwaka wa Kanisa hauanzi Januari. Huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, majira ambayo katika milima ya Umatengo mkulima hutazamia mvua na hana nafasi ya kukaa. Siku hiyo, katika makanisa mengi ya Jimbo Katoliki la Mbinga, na vilevile kwa ndugu zetu Waanglikana wa mwambao wa Ziwa Nyasa, huwekwa karibu na altare duara la majani mabichi lenye mishumaa minne. Unawashwa mmoja. Jumapili inayofuata inawashwa miwili, kisha mitatu, kisha minne. Waumini hutazama, watoto hunyoosha shingo, wengine hupiga picha kwa simu, na ibada huendelea. Ukimwuliza mtu nje ya kanisa maana ya duara lile, aghalabu atakujibu kwamba ni pambo la kuikaribisha Noeli, au atasema kwamba mshumaa wa kwanza ni wa matumaini, kisha atanyamaza.

Jibu hilo si baya, ila limeishia mlangoni. Ninachodai katika makala hii ni kwamba shada la Majilio ni somo la namna ya kutumaini, na kwamba mkoa wetu wa Ruvuma, na nchi yetu kwa jumla, unalihitaji somo hilo nje ya kanisa pengine kuliko ndani. Somo lenyewe ni hili: tumaini la kweli lina hesabu. Lina mwanzo unaojulikana, lina hatua zinazoonekana na wote, na lina mtu anayewajibika kuuwasha mshumaa unaofuata.

Kiswahili kina methali mbili zinazogombana. Ya kwanza husema subira yavuta heri. Ya pili huijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wenye shibe huipenda ya kwanza; wenye njaa huijua ya pili bila kufundishwa. Kiongozi, mhubiri au mwalimu anayeirudia ya kwanza kila mwaka bila kuikiri ya pili huwadhulumu wanaomsikiliza. Naamini shada la Majilio, likieleweka vizuri, huzipatanisha methali hizi mbili.

Gurudumu la Hamburg

Desturi hii si ya kale kama wengi wanavyodhani, wala haikuanzishwa na maaskofu. Mwaka 1833 mwanateolojia kijana wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alifungua karibu na mji wa bandari wa Hamburg, Ujerumani, makao ya kuwalea watoto wa mafukara, yaliyojulikana kwa jina la Rauhes Haus. Inasimuliwa kwamba kila ilipokaribia Noeli watoto walimsumbua kwa swali lilelile siku baada ya siku: je, imefika? Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na mikubwa minne myeupe kwa Jumapili. Kila siku mshumaa mmoja ukaongezwa katika ile iliyokuwa ikiwaka. Majani mabichi yaliongezwa baadaye, na idadi ya mishumaa ikapunguzwa hadi minne. Katika miaka ya 1920 desturi hiyo ikaanza kuingia katika makanisa ya Kikatoliki huko Ujerumani, na kutoka huko ikasambaa duniani.

Tuitafakari hekima ya jibu lile. Mtu mzima akiulizwa na mtoto maskini swali la "lini", ana majibu mawili mepesi. Anaweza kumwambia "bado kidogo", maneno ambayo hayana kipimo. Anaweza pia kumkemea kwa kuuliza sana. Wichern hakutoa hata moja kati ya hayo. Aliliheshimu swali, akalitundika mahali ambapo kila mtoto angeliona, na akajifunga mwenyewe mbele yao. Siku ambayo mshumaa usingewashwa, watoto wangejua, na wangejua pia ni nani wa kuulizwa. Watoto wa namna ile, popote duniani, wamekwisha kuzizoea ahadi za watu wazima zinazopotea hewani. Wao walipewa ahadi inayohesabika kwa kidole.

Ni vema kukumbuka pia kwamba shada si sehemu ya lazima ya ibada. Misa ya Majilio hukamilika bila hilo. Ni desturi ya waumini: Mlutheri aliibuni, Mkatoliki akaipokea, Mwanglikana naye anaiwasha. Majina ya mishumaa hutofautiana kutoka kanisa hadi kanisa; kwa kawaida tunasikia tumaini, amani, furaha na upendo, na kwingine imani hutajwa. Kwa Wakatoliki mitatu huwa ya zambarau, rangi ya toba na kungojea, na wa Jumapili ya tatu huwa wa waridi, kwa kuwa ni Jumapili ya kufurahi katikati ya safari. Wapo wanaoongeza mshumaa mweupe katikati, unaowashwa Noeli. Nitaurudia huo mweupe mwishoni, kwa maana ndio unaozuia hoja yangu isipotoke.

Desemba yetu si Desemba yao

Msomaji makini ataniuliza: je, hili si vazi la watu wengine? Swali hilo ni la haki. Katika mji wa Hamburg mwezi Desemba jua huzama yapata saa kumi alasiri, miti mingi imepukutisha majani, na baridi imewafungia watu ndani. Tawi linalobaki kijani wakati huo ni ajabu, na mshumaa ni hitaji. Mbinga ni kinyume chake. Desemba ndio mwezi ambao mchana wetu ni mrefu kuliko miezi mingine yote ya mwaka. Mvua zikiwa zimeshuka, milima inageuka kijani. Anayeweka duara la majani mabichi mbele ya Wamatengo katika majira hayo, na kuwaeleza kwamba kijani kinawakumbusha uhai katikati ya ukame wa baridi, anawaambia jambo ambalo macho yao hayalioni.

Hata hivyo sioni sababu ya kulitupa shada. Naona sababu ya kulisoma kwa vitu vyetu, navyo tunavyo viwili visivyohitaji kuazimwa.

Cha kwanza ni ngoro. Kwa asiyeifahamu, ngoro ni kilimo cha mashimo ambacho Wamatengo wamekitumia kwa vizazi katika miteremko yao mikali. Mvua zinapoelekea ukingoni, kuanzia mwezi Machi, nyasi hufyekwa na kulazwa ardhini kwa mistari inayokatana, zikafanya miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi zile, yakabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi. Wanawake huchimba na kufukia. Maharage hupandwa kwanza. Mahindi huja msimu wa mvua unaofuata, juu ya matuta yaleyale, ambamo nyasi zimekwisha kuoza na kuwa mbolea. Mashimo hushika maji ya mvua yasiubebe udongo kuelekea bondeni.

Tazama sasa kalenda hiyo. Mshumaa wa kwanza wa Majilio unapowashwa, mama wa Litembo au wa Maguu yuko katika majira ya kupanda mahindi juu ya kitu alichokizika miezi mingi iliyopita. Yeye ndiye anayeijua maana ya Majilio kuliko mhubiri aliyeisoma kitabuni. Anajua kwamba si kila kisichoonekana hakipo. Anajua pia kwamba chini ya tuta hakuna kitu ambacho mtu hakukiweka. Tumaini lake lina jasho ndani yake, na lina tarehe.

Cha pili ni taa za wavuvi. Teremka kutoka Mbinga kuelekea Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, usiku usio na mwezi. Utaona taa zimejipanga juu ya maji. Wavuvi wa usipa hutumia mwanga kuwavuta samaki kuelekea nyavu zao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi zipo pia taa za betri na za umeme wa jua. Mvuvi hawashi taa ili ajiliwaze. Anaiwasha kwa sababu usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Aliyebaki nchi kavu huweza kuzihesabu taa hizo moja baada ya nyingine, na asubuhi akahesabu mitumbwi inayorudi. Watu wa mwambao wamekuwa wakifanya ibada ya mishumaa muda mrefu kabla ya kuletewa mishumaa.

Laiti mapadri na makatekista wetu wangelifuma shada kwa vitu hivyo: matawi ya mibuni yaliyopogolewa baada ya mavuno, maana mbuni nao haupukutishi majani, matete ya ziwani, nyasi zilizofyekwa. Ingekuwa bora kuliko maduara ya plastiki ya dukani, ambayo kijani chake hakijawahi kuwa hai na kwa hiyo hakiwezi kutufundisha lolote juu ya uhai.

Tamaa, taraja na tumaini

Lugha yetu imehifadhi tofauti ambazo hotuba zetu huzivuruga. Tuna neno tamaa, ambalo peke yake siku hizi lina sura mbaya ya ulafi. Lakini mtu aliyepoteza kila kitu husemwa amekata tamaa, na hapo neno lilelile linakuwa uzi unaomshikilia mtu asianguke. Tuna taraja na matarajio, yaani kile ambacho mtu anakitegemea kwa kupima dalili: mawingu yametanda, natarajia mvua. Kisha tuna tumaini. Tumaini hupita dalili, maana humtegemea mtu. Natumaini kwako, husema Mswahili, na hapo hazungumzii mawingu tena. Anazungumzia uaminifu wa mwingine.

Papa Benedikto XVI alipoandika waraka wake juu ya tumaini, Spe Salvi, mwaka 2007, mfano wake wa mwanzo ulikuwa mwanamke wa Kiafrika. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akapigwa hadi mwili wake ukajaa makovu. Hatimaye alifika Italia, akabatizwa, akawa mtawa, akafariki mwaka 1947, na akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Papa anaeleza kwamba kabla ya kumjua Kristo, Bakhita alikuwa na tumaini dogo tu: kumpata bwana asiye mkatili sana. Alipojua kwamba anapendwa na anangojewa, tumaini lake likabadilika ukubwa.

Mwambao wa Nyasa hauwezi kuisoma habari hiyo kama ya ugenini. Katika karne ya 19 ziwa hili lilikuwa njia ya watumwa waliovushwa kutoka magharibi na kutembezwa hadi Kilwa. Wamisionari Waanglikana, miongoni mwao William Percival Johnson aliyefika pande hizi mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kuzikwa Liuli mwaka 1928, walihubiri kwa watu ambao kuuzwa kwao hakukuwa mfano wa mimbarani. Kanisa kuu walilolijenga katika kisiwa cha Likoma, ng'ambo ya mpaka wetu wa leo, lilianza kujengwa mwaka 1903 likakamilika mwaka 1911. Imani ya mwambao huu ilipandwa, basi, kati ya watu walioijua tofauti baina ya kumtumaini bwana mpole zaidi na kutumaini kwamba hawatauzwa tena.

Nauliza sasa: sisi wa leo tunatumaini lipi kati ya hayo mawili?

Magoma

Jibu linapatikana katika neno moja la Mbinga: magoma. Kahawa yetu ya arabika huvunwa katikati ya mwaka. Ikiuzwa kwa utaratibu, hupitia chama cha msingi cha ushirika na kufika mnadani, na malipo humjia mkulima baadaye. Lakini kati ya Noeli na mavuno ya kwanza ghala la nyumba nyingi hupungua hadi sakafuni. Januari inakuja na sare na madaftari ya shule. Mgonjwa hangoji msimu. Hapo ndipo anapotokea mtu mwenye fedha taslimu, akamwambia mkulima: nipe kahawa yako iliyo bado mtini, nikupe fedha leo. Bei yake huwa ndogo mno kuliko ile ambayo kahawa ingeleta ikivunwa. Mkulima hukubali, si kwa ujinga, bali kwa sababu watoto hawawezi kula bei ya Julai katika mwezi wa Februari. Kagera wanaiita butura. Viongozi wa serikali wamekuwa wakiikemea biashara hiyo mwaka baada ya mwaka, nayo inaendelea mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa makemeo hayaliwi.

Zamani palikuwa na ukuta fulani wa kujikinga. Chama kikuu cha ushirika cha MBICU, pamoja na udhaifu wake, kilikuwa kikimpatia mkulima pembejeo kwa mkopo. Kilianguka katika miaka ya 1990, soko huria lilipoingia, na nyumba nyingi zikabaki zikitazamana uso kwa uso na mnunuzi. Vyama vipya vimeinuka tangu hapo, lakini pengo la miezi ya njaa halijazibwa.

Nasisitiza magoma kwa sababu ndiyo kinyume halisi cha Majilio. Aliyeuza kahawa yake ikiwa bado mtini hana tena cha kungojea. Mvua ikinyesha vizuri, heri ni ya mwingine. Bei ya dunia ikipanda, heri ni ya mwingine. Ataichuma kahawa ile kwa mikono yake mwenyewe kama mgeni katika shamba lake. Kilichonunuliwa pale si gunia la kahawa tu. Ni kesho ya nyumba nzima. Na tumaini linalombakia ni lile dogo la mtumwa: mwakani nimpate mnunuzi asiye mkatili sana.

Mbele ya mtu huyo, kuwasha mshumaa na kutamka neno "matumaini", kisha kwenda nyumbani kula, ni jambo la kuogofya. Hapa ndipo Kanisa hupimwa. Nalo lina nyenzo ambayo serikali haina: jumuiya ndogo ndogo, ambamo kila nyumba inajulikana kwa jina na kila mgonjwa anajulikana kwa kitanda chake. Wamatengo walikuwa na kitu cha namna hiyo kabla ya parokia, walichokiita sengu: mkusanyiko wa ukoo ambamo chakula cha nyumba mbalimbali kililiwa kwa pamoja na shida za watu zikazungumzwa. Nyumba iliyopungukiwa haikuweza kujificha, wala haikuhitaji kuomba.

Napendekeza jambo dogo. Jumuiya izipe Jumapili nne za Majilio kazi nne. Ya kwanza, itambue kwa siri na kwa heshima nyumba ambazo Februari zitabanwa. Ya pili, ichange mahindi, maharage au fedha, kila mtu kwa kadiri yake, maana haba na haba hujaza kibaba. Ya tatu, siku ya mshumaa wa waridi, ikabidhi mkopo usio na riba, utakaolipwa baada ya mavuno, ili furaha ya siku ile iwe na uzito. Ya nne, isomewe hesabu: kilichopatikana, kilichotoka, kilichobaki, bila kumtaja aliyesaidiwa. Hakuna katika hayo linalohitaji mfadhili wa ng'ambo. Linahitajika daftari, kalamu na watu watatu waaminifu.

Ahadi za jukwaani

Shada lina neno pia kwa wanaotutawala. Kila baada ya miaka mitano watu wa Mbinga na Nyasa huwashiwa mishumaa mingi kwa mkupuo, kisha giza. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni lisilo na tarehe ya kulipwa hugeuka sadaka ya mdai.

Niwe mwadilifu. Yapo madeni yaliyolipwa. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ikapata uongozi wake karibu na watu. Barabara ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, iliyokuwa mateso ya matope na vumbi, leo ni ya lami. Aliyewahi kumsafirisha mama mjamzito katika njia ile ya zamani hawezi kuidharau kazi hiyo. Barabara ile ilijengwa kwa namna shada linavyofundisha: palikuwa na mkataba, palikuwa na kipande kilichokamilika na kipande kilichobaki, na mwananchi wa kawaida aliweza kuona lami imefika wapi.

Lipo deni jingine. Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga kwenye makaa ya mawe na chuma, imekuwa ikitajwa katika mipango na hotuba kwa muda mrefu kiasi kwamba waliokuwa vijana wakati huo sasa wana wajukuu. Kusini mwa nchi hii kuna kumbukumbu chungu ya reli. Ile iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga, kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mara baada ya Uhuru. Mtu wa kusini anapoambiwa habari ya reli, anasikiliza kwa sikio lililokwisha kuumwa.

Sisemi reli haitajengwa. Nasema anayetuahidi atuonyeshe gurudumu lake. Mshumaa wa kwanza uwe tarehe. Wa pili uwe fedha na zinakotoka. Wa tatu uwe jina la ofisi itakayoulizwa. Wa nne uwe taarifa ya mahali kazi ilipofikia, itolewe hadharani hata pale ambapo haikufika popote. Kiongozi akisema wazi kwamba mshumaa wa mwaka huu haukuwaka, na kwa nini, watu wetu wana subira ya kutosha kumwelewa. Wanachoshindwa kukimeza ni kuambiwa kila mara kwamba umewaka, ilhali wamekaa gizani.

Na mwananchi anayeuliza "lini" asihesabiwe kuwa mkaidi, asiye na shukrani au asiye mzalendo. Watoto wa Hamburg waliuliza kila siku, na swali lao ndilo lililoipa dunia desturi tunayoiona nzuri leo. Jamii inayowanyamazisha waulizaji hujinyima mishumaa. Ikifika hapo watu hawaachi kungoja tu. Huacha kuamini kwamba maneno ya mkubwa yana maana yoyote, na hilo ni hasara ambayo hakuna bajeti inayoweza kuifidia.

Kinachohesabika na kisichohesabika

Hapa mwanateolojia atanipinga, na ana haki. Atasema kwamba nimeligeuza fumbo la imani kuwa ukaguzi wa mahesabu. Majilio, atasema, si Noeli pekee. Hadi tarehe 16 Desemba masomo ya liturujia hutazama hasa ujio wa Kristo katika utukufu. Ni kuanzia tarehe 17 ndipo macho yanapoelekezwa zaidi Bethlehemu. Na juu ya ujio ule wa mwisho, Bwana mwenyewe alifundisha kwamba siku wala saa hakuna aijuaye. Paulo naye anawaandikia Warumi kwamba kinachoonekana hakitumainiwi tena. Tutahesabuje, basi?

Pingamizi hilo lina nguvu, na naona kwamba shada lenyewe linalijibu. Mishumaa minne ya pembeni huwashwa kwa zamu, kwa tarehe, kwa mkono wa mtu. Ule mweupe wa katikati haumo katika hesabu ya Jumapili zile nne. Unangoja usiku wa Noeli, na anayewakilishwa nao hakuletwa na juhudi za mtu yeyote. Minne ni kazi yetu. Ule wa katikati ni zawadi. Mkulima wa ngoro anaijua tofauti hiyo vizuri: nyasi alizika yeye, mvua hakuileta yeye. Lakini asingezika nyasi, mvua ingeupeleka udongo wake mtoni.

Kosa la siku zetu ni kuvibadilisha viwili hivi. Wapo wahubiri wanaohesabu mambo ya Mungu kwa ujasiri wa kutisha: utapokea muujiza wako kabla mwaka haujaisha, utapata gari, utapona Ijumaa. Wao hao, ukiwauliza habari za sadaka iliyokusanywa, hukwambia mambo ya Mungu hayahojiwi. Kilicho cha Mungu wamekiwekea tarehe, na kilicho chao wamekifanya fumbo. Wanasiasa wetu wengi hufuata njia hiyohiyo: hutabiri neema kubwa za miaka ijayo kwa sauti ya nabii, na taarifa ya mradi wa jana huifunika. Nasi wasomi hatuko salama. Tunaandika maono ya nusu karne, lakini mwanafunzi akiuliza matokeo ya mtihani wake yatatoka lini tunamwona msumbufu.

Kumtumaini Mungu hakumfanyi mtu awe mvivu wa kuhesabu yaliyo mikononi mwake. Humfanya awe jasiri wa kuyahesabu, kwa kuwa hata hesabu ikitoka na upungufu, haoni kwamba yote yamekwisha. Asiye na tumaini ndiye anayeogopa kufungua daftari. Anayetumaini anaweza kusema: tulichanga magunia mawili, zilihitajika nyumba tano, tumezifikia tatu, Jumapili ijayo tunaendelea.

Majilio yajayo, basi, tunapolitazama duara lile la majani mbele ya altare, tuulize maswali mawili ya kawaida: mshumaa unaofuata ni wa lini, na ni nani atakayeuwasha? Tuyaulize katika jumuiya zetu kwa ajili ya nyumba itakayoshawishika kuuza kahawa iliyo mtini. Tuyaulize katika mikutano ya vijiji na mbele ya wanaotuomba kura. Atakayetujibu kwa tarehe na kwa jina lake, tumwamini na tumsaidie. Atakayetuambia tungoje tu, tumkumbushe kwa adabu kwamba matumbo yanauma.